Namna ya Kumwalika Kitukuu Kikaoni

Anzeni na jambo dogo lenye ugomvi. Mkiita kikao cha kujadili mustakabali wa Pwani nzima, kila mtu ataafiki, chai itanywewa, na kesho yake hakuna kitakachobadilika. Hapa Galu, kwenye pwani ya Kenya, hapakosi pa kuanzia. Kuna njia za umma za kwenda baharini zinazobanwa na nyua za viwanja. Kuna visima, ambavyo vikivutwa maji kupita kiasi huingiwa na chumvi. Na kuna kuta zinazojengwa ufukweni kuzuia mawimbi. Tuchukue ukuta.

Sasa mwalikeni kitukuu. Hajazaliwa, kwa hiyo hahitaji nauli. Anahitaji kiti, na mwaka wake, tuseme 2085. Mmoja wenu akikalie kiti hicho na kuanzia hapo aseme "mimi". Asiseme "vizazi vijavyo". Vizazi vijavyo havijawahi kumkatalia mtu jambo, lakini mtoto wako akikuangalia usoni utatafuta maneno.

Msione haya, wapo waliotangulia. Mwaka 2015, katika mji mdogo wa Yahaba nchini Japani, wazo la mwanauchumi Tatsuyoshi Saijo lilijaribiwa. Baadhi ya wakazi walijadili mipango ya mji wakiwa watu wa leo, wengine wakajifanya ni wakazi wa mwaka 2060. Hao wa 2060 ndio waliopendekeza mipango yenye ujasiri zaidi na inayotazama mbali zaidi. Wajapani hao wamezoea pia kumvisha msemaji wa kesho koti la sherehe za kijadi, na nguo hiyo ina kazi.

Sisi tunalijua hilo tangu zamani. Ukitaka kuingia Kaya Kinondo, msitu mtakatifu hapo jirani tu na Galu, unajifunga kaniki kwanza, na ukitoka hutoki hata na jani. Wazee wa Kidigo waliwapa wahenga wao sauti katika kila jambo linalouhusu msitu ule, na ndiyo maana hekta zipatazo 30 za miti mikubwa bado zimesimama kwenye pwani iliyojaa mahoteli. Mwaka 2008 UNESCO iliziandikisha kaya za Wamijikenda, Wadigo wakiwemo, katika Urithi wa Dunia. Wazee walimwogopa aliyetangulia. Tunaloongeza sisi ni kumwogopa anayekuja. Ila kaniki muiache, hiyo ni ya kaya. Leso ya rangi kali inatosha, ili hata aliyekaa nyuma kabisa amjue anayesema kwa niaba ya 2085.

Hapa ndipo vikao vingi vitaharibika: mvaaji atamgeuza kitukuu malaika. Atahubiri juu ya kasa na matumbawe kana kwamba hali wala hanywi. Mkatizeni. Kitukuu wenu ana njaa, mtumbwi wake unavuja, na wakwe wanamdai mahari. Anataka pesa kama ninyi. Kasa wa Galu atamtetea kwa sababu mgeni anayekuja kumtazama kasa hulala kwa mtu, hula samaki wa mtu. Huyo ndiye wa kumsikiliza. Na ana adabu: ataanza kwa "Shikamooni babu zangu, shikamooni bibi zangu." Itikieni kwa sauti. Mkishasema marahaba mmeshakubali kuwa ni wenu.

Kabla hajaanza ya kwake, mrudisheni nyuma kidogo. Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakageuka meupe, yakafa. Mchanga wa Galu unatoka huko huko. Sehemu yake ni matumbawe yaliyosagika, mengine yametafunwa na pono na kupita tumboni mwake. Mtu anayejua mchanga wake unatengenezwa na nani ataushughulikia pia uvuvi wa pono.

Mpelekeni na Gazi. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanatunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayofungwa na miti hiyo. Fedha zake zimeingia kwenye maji na shule. Mpango wenyewe ni wa miaka 20, kwa hiyo aliyezaliwa mwaka ule ulipoanza ndiye atakayekuwa kijana wa miaka 20 utakapofika ukingoni, 2033. Kwa hiyo kesho nyingine haina haja ya kuvalishwa leso: iko darasani. Leteni wanafunzi wawili watatu kikaoni, na wapewe nafasi ya kusema kabla ya wazee, kwa sababu wakisubiri zamu yao watakuwa wameshajifunza jibu linalopendeza.

Leso isibaki mabegani mwa mtu mmoja. Aliyeizoea ataanza kuiona ni cheo. Leo fundi, kesho mama wa samaki, keshokutwa mwenye kiwanja anayeutaka ukuta. Msimruke huyo, kikao kizima kimeandaliwa kwa ajili yake. Mfungeni leso yeye mwenyewe, mkalisheni kwenye kiti cha 2085, itikieni shikamoo yake, kisha mumuulize: wimbi lililogonga ukuta wa babu yako lilirudi na mchanga wa nani, na kasa aliyekuja usiku kutaga akaukuta ukuta, alikwenda wapi?