Jinsi ya Kuwa Kiongozi Bila Kuchafua Viatu

Mwanafunzi wa humanité hapa Lubumbashi, umeambiwa kwamba uongozi haukai ubaoni, unatafutwa mtaani kwa kujitolea. Usiogope. Ukijipanga vizuri, mtaani utakwenda wewe, na kujitolea watajitolea wenzako.

Anza na kamati, na uipe muda. Panatakiwa rais, makamu wawili (mmoja msichana, watu wasije wakasema), katibu, msaidizi wa katibu, mweka hazina wa hazina ambayo haipo, mshauri wa kudumu na mtu wa protokoli. Mabeleshi ya kusafishia mfereji wa mtaa mnayo mawili, na moja halina mpini. Hilo litashughulikiwa na kamati ndogo ya vifaa, itakayoundwa baadaye. Akitokea mtu kuuliza kwa nini msianze na mpini, mpeni cheo cha mwanachama wa kawaida.

Kisha barua: kwa Kifaransa, kwenda kwa shefu wa kartie, nakala kwa bourgmestre wa komini, nakala kwa prefe wa shule. Muhuri usikosekane. Maskauti na vijana wa Kiro wa parokia husafisha mitaa bila mbwembwe hizi. Msiwaalike, watamaliza kazi kabla ya hotuba.

Wazee watacheka wawaambie hii ni salongo tu, ile ya enzi za Mobutu, miaka ya 1970, raia walipotolewa majumbani kufagia kwa lazima. Wajibuni kwa adabu kwamba yenu ni tofauti kabisa: ninyi mnajitolea, na asiyefika atakatwa pointi za mwenendo.

Tarehe iwe Septemba. Shule imefunguliwa, jakaranda zimechanua, mvua ya Lubumbashi bado iko mbali, na shati la sare litarudi nyumbani jeupe kama lilivyotoka. Januari mfereji unafurika, na huko Katuba au Kenya (komini, si nchi) watu wanachota maji sebuleni kwa sufuria. Kwenda wakati huo ni kujitafutia kazi.

Ndani ya mfereji mtakuta mifuko ya plastiki, tabaka juu ya tabaka. Msishangae. Dekreti ya Desemba 2017 iliipiga marufuku nchi nzima, kwa hiyo kisheria mfereji wenu ni mtupu. Rais ataje dekreti hiyo katika hotuba yake, akiwa amesimama ukingoni, upande wenye kivuli.

Sasa angalieni hatari moja. Karibu na mfereji hapakosi mama anayekaanga mandazi. Msalimieni vizuri: “Jambo yenu, mama. Tuko batoto ba masomo, tunakuya kusafisha.” Ataitika, atageuza mandazi, atatazama tope mnalolirundika ukingoni, halafu atauliza: “Ile bulongo mutapeleka fasi gani?”

Swali hili limeua kamati nyingi. Mama ameuza pale misimu kadhaa. Anajua kwamba tope likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza hulirudisha ndani, na moto wake ndio unaozimika. Msijaribu kulijibu. Mwambieni limeandikwa kwenye ripoti, kisha pigeni picha upesi: kamati mbele, beleshi lenye mpini mkononi mwa rais, lile jingine lisionekane.

Hapo mtagundua kuna mtoto wa darasa la chini hayumo pichani. Amekwenda kwa mjomba wake kuazima pushipushi. Amerudi, ameita wenzake watatu kwa majina, wanasomba tope mpaka kwenye shimo alilowaonyesha yule mama, na nyuma ya daftari lake la hesabu ameandika beleshi gani ni la nani na lirudi nyumba ipi. Mwacheni amalize, ninyi wahini kwenye ugawaji wa vyeti. Na mwakani akitaka kugombea urais wa kamati, mwelezeni kwa upole kwamba hana uzoefu.