Tangi la Samaki kwa Mtu Asiyependa Kazi

Tangi la samaki lisilo na kazi linataka Jumamosi moja ya kuvunja mgongo, halafu miezi ya kujizuia. Hiyo Jumamosi hata mtoto wa darasa la tano anaiweza. Kujizuia ndiko kumewashinda watu wazima wenye shahada zao.

Anza na mahali. Tangi la lita 60, likishaingia udongo, mchanga na maji, hukaribia kilo 80: ni kama mtu mzima kasimama juu ya meza ya runinga usiku na mchana na hashuki. Kama meza yako hulia ikiwekwa sinia la pilau, tafuta nyingine. Wala usiliegeshe dirishani kwa kubana hela ya taa, maana jua la Dar es Salaam litayageuza maji yote kijani, na samaki utawaona kwa kukisia.

Kioo atakukatia fundi wa mtaani. Sisitiza silikoni isiyo na dawa ya ukungu, kwa kuwa ile ya bafuni inaweza kuua na samaki. Atakujibu, “Zote gundi hizo, bosi.” Mkatalie kwa heshima.

Sasa udongo, jambo ambalo wauza vifaa hawapendi ulisikie. Mwaka 1999 Mmarekani Diana Walstad alitoa kitabu, Ecology of the Planted Aquarium, akaeleza kwamba udongo wa kawaida na mimea mingi vinaweza kufanya kazi ambayo wengine wanainunulia mashine. Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa naitriti, sumu nyingine, kisha naitreti, ambayo ina nafuu. Kwenye tangi jipya bakteria hao huchukua wiki kadhaa kujikusanya. Mimea haina subira hiyo. Inaila amonia moja kwa moja na kuongeza majani. Uchafu wa mmoja, chakula cha mwingine, na wewe kwenye kochi. Sisi wavivu bado hatujamlipa mama huyu.

Chukua udongo wa bustani usiotiwa mbolea ya dukani wala samadi mbichi. Chekecha, toa vijiti na mizizi, tandaza sentimita mbili na nusu, kisha ufunike kwa kiasi hichohicho cha mchanga mnene uliooshwa mpaka maji yatoke meupe. Mchanga wa ufukweni uache ufukweni, una chumvi na vipande vya kombe. Weka sahani juu ya mchanga na umimine maji kwa kikombe, taratibu, yakigonga sahani na kutambaa pembeni. Kuna shemeji atakayetaka kusaidia kwa ndoo. Mtume sokoni.

Maji ya bomba yalaze kwanza usiku kucha kwenye ndoo wazi ili klorini itoke. Ya kisima, hasa huku pwani, yaonje: yakiwa na chumvi, mboga hazitahitaji kuungwa, ila mimea itasusa.

Panda siku hiyohiyo, na upande kwa fujo. Anayepanda vishina vitatu kwa ajili ya mpangilio anaufungulia mwani mlango. Valisineria, yenye majani kama utepe, huota hata Ziwa Tanganyika, na haihitaji kubembelezwa. Anubiasi wa Afrika Magharibi mfunge kwa uzi kwenye jiwe; ukimfukia shina ataoza. Taa iwake kwa muda wa saa tano, izimwe kwa saa nne, kisha iwake tena kwa saa tano. Mapumziko ya mchana huyapa maji nafasi ya kurudisha hewa ya ukaa ambayo majani yameimaliza. Kwa hiyo hata taa inalala mchana. Usione aibu.

Samaki waje baada ya wiki chache, na wawe wachache. Gapi wanafaa: joto letu wanalipenda, na kiluwiluwi cha mbu wanakila, kwa hiyo ndio wakazi pekee wa nyumba wanaochangia. Ila nunua madume matupu. Jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, akaendelea kuzaa akiwa peke yake, na wewe utabaki kugawa watoto mtaa mzima. Konokono watakuja wenyewe wakining'inia kwenye majani. Waache wafagie.

Umeme ukikatika, jirani mwenye chujio la bei atakimbilia jenereta. Wewe tafuta mshumaa tu.

Kinachobaki ni kuizuia mikono. Chakula ni cha kuisha ndani ya dakika mbili, mara moja kwa siku. Samaki watakuja kiooni wakitoa macho kama hawajala tangu Idi, ni waongo. Mgeni atawatupia chapati. Mwingine atauliza kama wanaliwa, kisha mbona hawakui. Mpe juisi na umgeuzie kiti kwenye runinga.

Majani yakizidi, yapunguze, lakini usiyatupe mtoni, wala usiachie samaki huko. Gugumaji limeng'ang'ania Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, nalo lililetwa Afrika kwa sababu ya maua yake mazuri. Majani yako mpe jirani mwenye jenereta. Akiuliza kama tangi lina kazi, mwambie halina kabisa. Habari za kuchekecha udongo mweleze akishanunua kioo.