Muhuri wa Barazani

Miongoni mwa kazi ambazo mtu huzifanya ameketi kitini na bado akarudi nyumbani hoi mithili ya mpagazi wa bandarini, sijaona ishindayo kuhakiki barua za waajiri wa zamani. Mimi niliirithi hapa Mombasa kutoka kwa karani aliyestaafu, ambaye aliniusia neno moja tu: niihadhari barua isiyo na mkunjo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 51, yamwamuru mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka hati ya utumishi yenye majina yao wawili, tarehe ya kuanza na ya kukoma, na aina ya kazi na mahali ilipofanyiwa. Ama tabia na ustadi wake, sheria haimlazimu kuyanena. Aghalabu, basi, hayaneni. Nikimpigia simu kumwuliza kama fulani alikuwa mwaminifu, hunijibu kwa taadhima kubwa kwamba fulani alianza kazi mwezi wa Machi.

Babu zetu hawakupata hata stara ya kimya hicho. Kipande, kile kitambulisho cha kikoloni kilichotungiwa sheria mwaka 1915 na kuanza kuwasakama watu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kilitiwa katika kikasha cha chuma na kuning'inizwa shingoni, na ndani yake mlikuwamo alama za vidole, jina la bwana na kiasi cha mshahara, hata ikawa mtu hutembea na jalada lake kifuani apendapo na asipopenda. Kazi yangu ingekuwa nyepesi zama hizo, lakini wepesi wa namna hiyo siutaki.

Zama hizi ufundi umehamia kwenye kughushi. Mwezi Aprili 2017 jirani zetu wa Tanzania walimkabidhi Rais Magufuli orodha ya watumishi 9,932 waliotuhumiwa kughushi vyeti. Nasi mwezi Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ikatangaza vyeti vya kughushi 2,067. Lakini hivyo ni vyeti vya masomo, navyo vina Baraza la Mitihani la kuulizwa. Barua ya mpishi ina baraza gani?

Nasema mpishi kwa sababu alinijia mmoja na barua nzuri kupita kiasi, karatasi nene, muhuri wa buluu uliokaa sawasawa juu ya sahihi, tarehe ya mwaka 2006, na ndani yake kasifiwa kwamba pilau yake ilimfanya Mheshimiwa Gavana aombe kuongezwa. Niliisoma kwa utulivu, kisha nikamwuliza ni gavana yupi huyo, ilhali magavana wetu wa kwanza walichaguliwa mwezi Machi 2013. Alifikiri kidogo, akasema, “Bwana karani, huyo alikuwa bado hajachaguliwa.” Jibu hilo lilinipendeza kiasi cha kunisikitisha kwamba tulikuwa tunatafuta mpishi, si wakili.

Siku chache baadaye akaja mzee aliyetaka kulinda bohari. Barua yake ilikuwa na mikunjo hata maneno ya katikati yamefutika. Jina lake limeandikwa Abubakari juu, Abubakar kati, na Bakari chini. Mwajiri amekwisha fariki, na ghala lake karibu na Bandari ya Kale sasa ni duka la simu. Kila alama ya uongo niliyofunzwa, ila ile ya kukosa mkunjo, ilikuwamo, nami moyo wangu ukaniambia kwamba mzee yule ni mkweli tupu.

Nikamfuata hadi barazani kwao, Mji wa Kale, nikapewa kahawa chungu na kashata, nikauliza. Wote walimshuhudia. Ila mmoja alisema aliacha kazi kabla ya mvua za Elinino, mwingine baada yake, wa tatu akaapa kwamba aliacha mvua ikinyesha, maana alimwona akitoka na kapu kichwani; na kwa kuwa mvua zile zilianza mwaka 1997 zikaingia hata 1998, kila mmoja alikuwa na mahali pa kusimama, wakagombana hadi adhana ya magharibi. Niliandika ushahidi wote, wakatia sahihi, nami nikaupeleka kwa meneja, aliyeurudisha na neno moja kwa wino mwekundu: “Muhuri?”

Nilipowapa habari hiyo wazee hawakukasirika. Walichangishana, wakamtuma kijana kwa mchonga mihuri, naye akarudi na muhuri wa duara, jina la baraza limezunguka ukingoni, na katikati dele la kahawa linalofuka moshi. Meneja aliutazama kwa miwani, akaridhika, mzee akaajiriwa siku ile ile. Tangu hapo, kila nipitapo barazani pale alasiri, hukuta vijana wamepanga foleni na bahasha zao, na muuza kahawa akiwaambia kwa upole kwamba muhuri haugongwi kwa asiyenunua kikombe.