Sifa za Kabureta Inayokohoa

Wapo wanaosifu ng'ombe wao, wapo wanaosifu wakwe zao, na majirani zetu Wahaya walikuwa na desturi ya mtu kusimama mbele ya Mukama, mtawala wao, na kujigamba kwa ushujaa wake. Mimi nitamsifu ambaye hapa Nyabusozi hasifiwi na yeyote, tena mimi mwenyewe humtukana kabla sijanawa uso: kabureta ya Land Rover yangu 109 ya petroli. Naomba msinikatishe. Yeye hunikatisha vya kutosha, kila mlima.

Mtukufu huanza kwa nasaba. Mwaka 1893 Wahungari wawili, Donát Bánki na János Csonka, walipata hataza ya kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, na mwaka huohuo Mjerumani Wilhelm Maybach naye alikuwa na chake. Husimuliwa kwamba Wahungari wale walipata wazo baada ya kumwona muuza maua akiyanyunyizia maji kwa kupuliza. Basi kabureta ni ndugu wa maua. Shati langu halinuki maua, lakini ukoo ni ukoo.

Kazi yake ni ya kistaarabu. Koo lake limebanwa katikati. Hewa ikipita penye wembamba huongeza mwendo, kanieneo hushuka, na petroli hufyonzwa kwenye tundu la jeti ikatoka kama ukungu wa asubuhi. Hakuna waya wala kompyuta. Hesabu yake ni takriban kilo 15 za hewa kwa kilo moja ya petroli, na wangu anaijua vizuri hesabu hiyo. Ila alifundishwa pwani.

Hapo ndipo ukarimu wake unapoonekana. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, nasi tumekaa juu zaidi, vilimani. Jina la kwetu lina "sozi" ndani yake, na Mhangaza yeyote atakwambia ni mlima. Huku juu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Yeye hajali. Hupakua petroli kama yuko Tanga, kama mpishi aliyehamia bara akaendelea kutia nazi mbili kwenye wali wa watu wawili. Dawa yake ni jeti ya tundu dogo. Nimeitafuta Biharamulo nikaikosa, nimeitafuta Ngara nikaikosa, na sasa moshi mweusi wa petroli hiyo ya ziada nauita takrima.

Watu humsema zaidi kwa kukosa silensi: ukiondoa mguu kwenye mafuta, injini inazima. Lakini hebu fikiri. Wenye magari ya mkonga hufika mlangoni pa mtu, wakaacha injini inanguruma, wakapiga honi aliye ndani atoke. Mimi nikifika nimefika. Gari limezima, sina budi kushuka, kuamkia, na kukaa. Na kwa kuwa huzima hata pale nisipokusudia, nimeketi katika nyua ambazo kwa gari zima nisingeziona maishani. Kuna bibi mmoja kwenye mteremko wa kwenda mjini. Shikamoo yangu ya kwanza kwake ilikuwa ya kuomba maji ya kumwagia pampu, maana petroli ilikuwa imechemka kwenye bomba. Mumewe aliwahi kuwa utingo wa lori la pamba. Bibi akanitazama, akaingia shambani na panga, akarudi na kipande cha mgomba kinachochuruzika. "Kifunge hiki, mwanangu. Hayo maji yangu utayamaliza." Nikakifunga, na nikafika mjini. Siku hizi nikipita huuliza kwanza hali ya gari, ndipo aulize ya watoto.

Lakini anayetaka kumwona katika fahari yake amwone siku anapofunguliwa. Fundi wetu hana gereji, ana mwembe. Hutandika gunia, huweka sahani ya bati yenye petroli kidogo, kisha humvua mheshimiwa vazi moja baada ya jingine: kifuniko, gasketi, floti, nidli, jeti. Watoto hujipanga. Hakuna ruhusa ya kupiga chafya, kwa ajili ya kispringi kimoja ambacho kikirukia majanini ndiyo tumeachana nacho. Jeti huipuliza kwa mdomo, hutema, huielekeza kwenye jua na kufumba jicho moja. Akikosa nukta ya mwanga huitisha unywele wa mkia wa ng'ombe. Waya, asema, ni wa mafundi wenye haraka. Unakwangua shaba na kupanua tundu, na tundu likishapanuka utaendesha kwa kulia.

Siku moja floti ilikuwa imetoboka. Akaitikisa karibu na sikio langu. "Mwalimu, sikia." Petroli ilicheza ndani kama maji ya dafu. Floti iliyokunywa haielei; isipoelea nidli haifungi, na nidli isipofunga petroli hufurika ikadondoka chini, shilingi baada ya shilingi. Akaazima sufuria ya maji ya moto kwa mama ntilie, akaizamisha floti humo. Viputo vikapanda, kimoja, kimoja, kutoka kwenye tundu ambalo jicho lisingeliona. Akalitia alama kwa msumari, akaiacha floti juani hadi petroli ilipokwisha yote, ndipo akaleta risasi na chuma cha moto. Mwisho akaibana skrubu ya hewa hadi ikagota, akairudisha mzunguko mmoja na nusu, akasikiliza, akaongeza robo. Sufuria ilirudishwa kwa mwenyewe. Wali wa mchana ule sikuula.

Nisisahau ulimi wake. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa mafuta ya magari. Huku, ambako petroli husubiri mteja mbele ya duka ndani ya chupa za maji ya kunywa, mkaguzi wangu ni huyuhuyu. Ukimpa iliyotiwa mafuta ya taa, anakohoa na kugonga. Ukimpa yenye maji, anagoma palepale, muuzaji angali akikuona.

Na ni mlinzi. Usiku mmoja mtu alijaribu kuiba gari. Hakujua kwamba choki huvutwa nusu, ikarudishwa kidogo, ikashikwa kwa goti. Tulilikuta hatua ishirini kutoka nyumbani, limelowa petroli, na pembeni ndala moja.

Juzi gari jipya la ofisi fulani liliwasha taa ya injini karibu na kwangu. Likatambaa, likasimama. Dereva, kijana mwenye tai, alikuwa ameshapiga simu: mpaka aje mtu na kompyuta kutoka Mwanza. Nikasema kwa sauti ya mtu mkubwa kwamba nitalivuta mpaka barabara kuu. Tukafunga mnyororo. Nikavuta choki nusu, nikairudisha kidogo, nikapiga stata. Akakohoa mara mbili, akanyamaza.

Tukafungua mnyororo. Kijana akatupa tai begani, akaja nyuma ya Land Rover pamoja na watoto.

"Mzee, hii yako nayo ina taa ya injini?"

"Haina."

"Afadhali," akasema, akaanza kusukuma.