Mavyaa, Chetezo na Dumu la Petroli

Sisi watu wa Changamwe petroli tumeinusa tangu utotoni. Matangi yako kule Kipevu, malori ya mafuta yanapita Magongo usiku na mchana, na bomba linalopeleka mafuta Nairobi limeanzia hapa hapa kwetu tangu 1978. Ukikaa barazani petu na upepo ukivuma kutoka bandarini, hujui kinachokuwasha puani ni chumvi au ni dizeli. Kwa hiyo mtu angeniambia kwamba Aprili 2022 nyumba yetu ingehangaikia petroli hadi watu wapelekane hospitali, ningemwambia akatafute mwingine wa kumdanganya.

Chanzo chake kilikuwa mbali. Tarehe 24 Februari mwaka huo Urusi iliivamia Ukraine. Mume wangu alikuwa mbele ya runinga, mahamri mkononi na mbaazi mbele yake, akasema, "Haya, Wazungu wameanza tena," kisha akaomba chai ya pili. Wala simlaumu. Petroli yetu haitoki Ukraine. Tangu kiwanda cha Changamwe kilipoacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, petroli huja na meli ikiwa tayari, nyingi kutoka nchi za Ghuba na India. Sasa vita vya Kiev vituhusu nini?

Vilituhusu kwa sababu Urusi ni miongoni mwa wazalishaji 3 wakubwa wa mafuta duniani, pamoja na Marekani na Saudi Arabia. Mteja wa Ulaya akisusia mafuta ya Urusi, haachi kuendesha gari. Anakuja kununua Ghuba, mahali pale pale tunaponunua sisi, na yeye mfuko wake umetuna zaidi. Mapema Machi pipa moja likapita dola 130. Tarehe 14 mwezi huo EPRA, mamlaka ya kawi ambayo hutangaza bei kila tarehe 14, ikaongeza shilingi 5 kwa lita. Nairobi petroli ikawa 134.72. Sisi Mombasa tulilipa chini kidogo ya hapo, maana kwetu mafuta hayana safari ndefu.

Aliyeshtuka wa kwanza nyumbani ni mavyaa. Yeye anaukumbuka mwaka 1973, Waarabu na Waisraeli walipopigana na bei ya mafuta ikapanda karibu mara nne katika miezi michache. "Mafuta yakipanda, na unga utapanda," alisema, akatuma mtoto dukani kununua pakiti za ngano. Alikuwa na haki yake, kwa sababu sehemu kubwa ya ngano ya Kenya ilikuwa ikitoka huko huko Urusi na Ukraine, na Ramadhani ilikuwa mlangoni. Nyumba ya Mswahili isiyo na ngano mwezi wa Ramadhani si nyumba.

Mume wangu naye alikuwa na wasiwasi wake, nao ulikuwa na magurudumu manne. Ana Probox nyeupe. Wakati huo alfajiri alikuwa akienda nayo soko la Kongowea, akichukua viazi na vitunguu, kisha akivigawa kwenye maduka ya Magongo, Chaani na Mikindani. Watoto wanasoma kwa Probox, kodi inalipwa na Probox. Aprili ilipoingia, foleni zilianza. Mwanzoni tulisikia ziko magharibi ya nchi, halafu Nairobi, halafu tukaamka nazo sisi. Pampu zilizungushiwa kamba, na mhudumu anakutazama kana kwamba umemwomba figo. Penye mafuta, unapimiwa ya shilingi 1,000, basi.

Jioni moja tukisubiri adhana mavyaa aliuliza swali ambalo hata magazetini sikuliona limeulizwa vizuri hivyo. "Bei yao ni ile ile ya ubaoni. Malori nayaona yanatoka yamejaa. Sasa mafuta yanakwenda wapi?"

Jibu ni hili. Tangu mwaka 2021 serikali ilikuwa ikishikilia bei kwa ruzuku. Sisi madereva tulikatwa shilingi 5.40 kwa kila lita ziende kwenye mfuko, na kampuni za mafuta zikauza kwa bei ndogo zikiahidiwa kufidiwa na mfuko huo. Vita vilipoipandisha bei ya dunia, fidia ikawa kubwa na malipo yakachelewa, na deni likawa mabilioni. Mfanyabiashara anayedaiwa na benki wakati yeye anaidai serikali hatauza kwa moyo. Na hapo hapo pembeni kuna Uganda, Rwanda na Kongo ya mashariki, ambako sehemu ya mafuta yao hupita Mombasa na bei ya ubaoni kwetu haiwahusu. Serikali ikazilaumu kampuni kwa kuwapendelea majirani. Kampuni zikasema lipeni kwanza. Tarehe 4 Aprili Rais Uhuru Kenyatta akatia sahihi bajeti ya nyongeza yenye zaidi ya shilingi bilioni 34 za ruzuku. Lakini sahihi haijazi tangi siku hiyo hiyo. Mavyaa akasikiliza yote, akasema, "Yaani wametukopesha kwa pesa zetu." Nikaona sina la kuongeza.

Mume wangu hakungoja bajeti. Vituo vilikataa kuuza kwa dumu, kwa hiyo alibuni njia: anajaza tangi la Probox popote alipopata, anarudi nyumbani, shemeji yangu ananyonya petroli kwa mpira na kuiingiza kwenye dumu, Probox inarudi foleni. Shemeji ni dereva wa bodaboda, kazi hiyo ya mpira anaijua tangu zamani, na nadhani si gari la kakake tu alilopata kulinyonya. Kwa mtindo huo tukapata madumu mawili ya lita 20. Yakawekwa chumba kidogo cha chini ya ngazi, mlango ukatiwa kufuli, na ufunguo ukakaa mfukoni mwa mume wangu mchana na usiku. Kufuli halikuwa la wezi wa nje. Lilikuwa la shemeji.

Tatizo la chumba kile ni kwamba kinapakana na jikoni. Na gesi ilikuwa imepanda bei hadi mtungi ukiisha tunasitasita kuujaza, kwa hiyo futari tulipikia jiko la makaa. Nilipolalamika niliambiwa dumu limefungwa vizuri. Basi Alhamisi ya kwanza ya Ramadhani, mavyaa akatoka chumbani na chetezo chake. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa hufukiza nyumba nzima ubani, kuanzia mlango mkubwa, chumba kwa chumba, akiomba dua taratibu. Alipofika kwenye ngazi akainama kufukiza penye ule mlango wa kufuli, makaa yanang'aa.

Nilipiga ukelele ambao jirani yetu muuguzi aliusikia ng'ambo ya ukuta. Alikuja mbio na kanga ya kichwani mkononi, akaelezwa, akaketi chini. Akatufahamisha kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: haupandi juu ukatoka dirishani, unalala sakafuni na kutambaa hadi ukutane na moto, hata moto ukiwa chumba kingine. Dumu si lazima livuje. Mfuniko uliolegea unatosha.

"Mama, usifukize huku kwa sasa," mume wangu alisema.

"Nyumba hii nimeifukiza tangu hujazaliwa," mavyaa alijibu. "Leo nizuiwe na dumu?"

"Ni kwa muda tu, Mama, mpaka bei itulie."

"Basi litoe hilo lenye muda, ubani wangu hauna muda."

Hawakusemezana siku kadhaa. Mavyaa alikuwa akinituma mimi kwake: mwambie mwanangu chumvi imekwisha, mwambie mwanangu anapigiwa simu. Nami kati yao nilikuwa kama makanga kwenye matatu, ninapokea za huku na kupeleka kule. Dumu halikutoka.

Ikafika Alhamisi ya pili, tarehe 14 Aprili. Kila mtu alijua usiku ule bei mpya itatangazwa. Mume wangu alikwenda Kongowea kwa matatu ili asipoteze petroli, akaacha amri: shemeji anyonye tangi, abakize lita chache za kufika kituoni, jioni tukapange foleni kabla ya saa sita usiku. Tangi lilikuwa na nusu, kama lita 25.

Yapata saa kumi alasiri, midomo imetukauka wote, shemeji akainama ubavuni mwa Probox na mpira wake. Mnyonyaji hodari huvuta mara moja na kutoa mdomo kabla petroli haijafika. Sijui ni saumu ilimlegeza au ni haraka. Alichelewa. Akameza funda zima, nyingine ikampalia, akaanguka magoti akikohoa, macho mekundu.

Mavyaa akaja na kikombe cha maziwa na kidole tayari cha kumtapisha. Muuguzi wetu akapaza sauti kutoka juu ya ukuta: "Msimtapishe! Ikirudi itaingia mapafuni, na mapafuni ndiko inakoua!" Shemeji, kati ya kikohozi na kikohozi, akauliza jambo moja tu: saumu yake je? Mavyaa akasema petroli si chakula wala si kinywaji, saumu ipo. Babu wa nyumba ya pili, aliyekuja kutazama, akasema kitu chochote kikipita kooni kwa kukusudia kinafungua. "Hakukusudia kumeza!" "Alikusudia kunyonya!" Muuguzi akawaambia fatwa wataitolea hospitali.

Wakati huo wote hakuna aliyeutazama mpira. Shemeji aliuangusha, ncha ikalala chini, na mpira uliokwisha kuvutwa hauhitaji mtu tena: ncha ya nje ikiwa chini kuliko tangi, mafuta hujiteremkia yenyewe mpaka yaishe. Tulipogeuka, Probox ilikuwa imejikamua uani kwetu. Mchanga umelowa, mtaro umeng'aa rangi za upinde wa mvua. Watoto wakafukuzwa, majirani wakaambiwa wazime kila kitu, nami nikamwagia maji jiko langu la makaa, na sufuria ya viazi vya nazi juu yake bado vibichi.

Sasa mgonjwa tutampeleka na nini? Probox ninaiendesha mimi, tena vizuri kuliko mwenyewe, lakini ilikuwa kavu. Lita 40 ziko chini ya ngazi. Ufunguo uko Kongowea, mfukoni. Nilimpigia mume wangu, akaniuliza kwanza, "Zimemwagika ngapi?" Nikakata simu. Nasema kwa haki, alipiga tena mwenyewe kuuliza habari za nduguye.

Tukaita tuktuk. Dereva akataka mara tatu ya nauli. Akasema, "Mama, nina mafuta ya kufika huko, kurudi nitasukuma." Tukalipa. Shemeji alilazwa usiku mmoja wakimtazama mapafu, akatoka salama, akipumua harufu ya karakana. Mwalimu wa madrasa alimaliza ubishi: mgonjwa ana ruhusa ya kula, siku ataikidhi baada ya Idi. Sisi tuliobaki nyumbani tulifuturu tende na maji, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuwasha kiberiti.

Usiku ule bei ilitangazwa: petroli juu kwa shilingi 9.90. Asubuhi mume wangu alikuwa na uso wa mtu aliyebashiri kweli. Nikachukua risiti ya hospitali na kalamu. Lita 40 mara 9.90 ni shilingi 396. Hiyo ndiyo faida ya kuweka akiba. Petroli iliyonywewa na mchanga wa uani ilizidi shilingi 3,000, bado tuktuk, bado hospitali, bado siku nzima maduka ya Chaani hayakupata viazi. Alizisoma hesabu mara mbili, akafungua kufuli, akayamimina madumu yote mawili kwenye tangi. Mavyaa alisimama barazani akimwangalia, kisha akaniambia, "Mwambie mwanangu ahsante," na yeye yuko hatua tatu kutoka kwake.

Foleni zilipungua mwezi uleule. Bei haikupungua. Juni Nairobi ilikuwa 159.12, ikashikiliwa hapo hadi uchaguzi wa Agosti upite. Rais William Ruto aliapishwa tarehe 13 Septemba, na kesho yake ruzuku ya petroli ikaondolewa: 179.30, ongezeko la shilingi 20.18 kwa mkupuo mmoja. Kilo ya viazi dukani ikafuata, na wateja wakamtolea mume wangu maneno ambayo yalistahili kuelekezwa Moscow. Sasa anachanga na wenzake wawili wanakodi pikapu moja kutoka Kongowea, na Probox hugawa tu mitaani.

Mimi sioni kosa serikali kuwapunguzia watu bei wakati wa vita vya wengine. Kosa ni kupunguza bila kulipa, kwa sababu tulibaki na bei nzuri ubaoni na pampu zilizofungwa kamba, na kila nyumba ikajigeuza ghala. Yetu ilinusurika.

Na wewe unayesoma haya huku una dumu chini ya kitanda ukingojea tarehe 14: litoe leo, kabla ya Alhamisi. Mpira nao ufiche mahali ambapo shemeji hafiki.