Pongezi kwa Wenye Kofia za Buluu

Idara ya Operesheni za Amani,
Makao Makuu ya Umoja wa Mataifa,
New York.

YAH: PONGEZI KWA USHINDI WA KARATASI DHIDI YA BIASHARA YA WANAWAKE

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwandishi wa barua hii, msomaji wa muda mrefu wa nyaraka zenu, ameona si uungwana kuendelea kuzisoma bure bila kutoa shukrani. Hakuna taasisi iliyoandika kwa ufasaha kuliko ninyi juu ya uovu wa kuwanunua wanawake na wasichana na kuwafungia kwenye madanguro. Wapo wenye vijicho wanaouliza utekelezaji. Hao wapuuzwe kwanza.

Itoshe kutaja miezi miwili tu, Oktoba na Novemba mwaka 2000. Tarehe 31 Oktoba Baraza la Usalama lilipitisha Azimio namba 1325 kuhusu wanawake, amani na usalama. Wiki mbili baadaye, tarehe 15 Novemba, Baraza Kuu likapitisha itifaki ya kuzuia, kukomesha na kuadhibu usafirishaji haramu wa binadamu, hasa wanawake na watoto, ambayo dunia nzima inaijua kama Itifaki ya Palermo. Kifungu chake cha 9 kinazitaka nchi zipunguze uhitaji, yaani hao wanaume wenye fedha mkononi ambao bila wao danguro lingefunga milango.

Miezi hiyohiyo miwili, nchini Bosnia, uhitaji huo ulikuwa unaegesha nje ya baa magari yenye herufi zenu mbili ubavuni.

Wasomaji vijana watahitaji kukumbushwa kidogo. Vita ya Bosnia iliisha kwa Mkataba wa Dayton, Desemba 1995, na Umoja wa Mataifa ukapeleka kikosi cha polisi wa kimataifa, wasio na silaha, kutoka nchi zaidi ya 40, kuwasimamia na kuwafundisha polisi wa pale namna ya kuheshimu haki za watu. Marekani, isiyo na jeshi la polisi la taifa la kutuma, ilitoa kandarasi kwa kampuni ya DynCorp itafute polisi wa kukodi. Wageni wakaingia kwa maelfu, wanajeshi, polisi, mafundi na wataalamu wa kila fani, na posho zao zikaingia nao. Katika nchi iliyobaki magofu, mtu mwenye posho ya kimataifa alikuwa mfalme.

Karibu na mji wa Brčko kulikuwa na barabara ambayo wanajeshi wa Marekani waliiandika kwenye ramani zao kwa jina la Arizona. Kando yake, mwaka 1996, likaota soko lililobeba jina hilohilo. Nia ilikuwa njema kabisa: Waserbia, Wakroati na Waislamu wa Bosnia, waliokuwa wanauana jana, wakutane leo wauziane sabuni, kaseti za kuchakachua na tairi za magari. Wakauziana kweli, na sifa za soko hilo zikaandikwa kama mfano wa maridhiano. Haikuchukua muda, kwenye baa zilizozunguka vibanda vile, wanawake nao wakaanza kuuzwa.

Utaratibu ulikuwa huu. Msichana wa Moldova, Romania au Ukraine anaahidiwa kazi ya kuhudumia wateja mgahawani, mara nyingi Italia. Anavushwa Serbia. Pasipoti inaishia mfukoni mwa mwenye baa, na mapema kabisa anaambiwa bei aliyonunuliwa, kwa mark za Kijerumani, na kwamba bei hiyo sasa ni deni lake yeye mwenyewe. Chakula kinaongezwa kwenye deni. Nguo anazolazimishwa kuvaa zinaongezwa kwenye deni. Akimkataa mteja, anapigwa faini, na faini nayo inaongezwa. Deni likikaribia kuisha anauzwa baa nyingine, na daftari linafunguliwa ukurasa mpya. Akimudu kutoroka, amkimbilie nani? Polisi wa mtaa ndiye anayekunywa bure kaunta. Polisi wa kimataifa, aliyetumwa kumfundisha huyo wa mtaa, amekaa meza ya pili.

Kuna aliyeona vibaya. Kathryn Bolkovac, polisi kutoka Lincoln, Nebraska, aliyeajiriwa na DynCorp na kupelekwa kwenu mwaka 1999, alizungumza na wanawake hao mmoja mmoja na kukusanya walichosema kuhusu wateja wao. Oktoba ile ya mwaka 2000 aliandika barua pepe kwa watu zaidi ya 50, wakiwemo wakubwa wa misheni, na juu yake akawaonya wenye matumbo mepesi na wenye dhamiri inayowasuta wasiifungue. Inaonekana wengi waliifungua. Akaondolewa kwenye kazi ya haki za binadamu, na Aprili 2001 akafukuzwa kabisa. Kosa lake? Kujaza vibaya fomu za saa za kazi.

Hapa ndipo pongezi za kwanza zinapostahili kutolewa rasmi. Katika nchi ambayo wasichana walikuwa wanauzwa kando ya barabara, kuna mtu aliyekaa chini akahesabu saa za Bolkovac. Umakini wa namna hiyo haupatikani hivihivi.

Mahakama ya kazi ya Southampton, Uingereza, ilikosa shukrani. Agosti 2002 iliamua kwamba mama huyo alifukuzwa kwa sababu alisema aliyoyaona, basi, na baadaye akapewa fidia ya pauni 110,000. Ben Johnston, fundi wa ndege wa kampuni hiyohiyo kwenye kambi ya Marekani karibu na Tuzla, aliyesimulia jinsi wenzake walivyonunua wasichana na kujisifia umri wao mdogo, naye alifukuzwa, akashitaki huko Texas, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwezi huohuo. Wenzake aliowataja? Wapo waliopoteza kazi wakarudishwa kwao. Kizimbani hakupanda hata mmoja. Mwaka uliofuata, serikali ya Marekani iliipa DynCorp kazi ya kufundisha polisi wa Iraq.

Novemba ile ya itifaki, polisi wenu walivamia vilabu vitatu vya usiku huko Prijedor, Bosnia, na kuwatoa wanawake zaidi ya 30. Ungetarajia habari iishie hapo kwa furaha. Lakini baadhi ya waliookolewa, walipohojiwa, walisema wanawafahamu baadhi ya waokoaji, kwa kuwa ni wateja. Polisi sita wakarudishwa makwao. Sababu iliyotolewa rasmi haikuwa kununua wanawake. Ilikuwa kuvuka mipaka ya madaraka yao kwa kufanya uvamizi wenyewe, kazi iliyopaswa kuachiwa polisi wa pale. Mwandishi amelisoma jambo hili zaidi ya mara moja na bado analivulia kofia. Mtu anaingia danguro mara mbili: mara ya kwanza na pochi, mara ya pili na amri ya kuwakomboa waliomo, na katika safari hizo mbili ile iliyomponza kwenye karatasi ni ya pili.

Msije mkajitetea kwamba hamkuwa mmeonywa. Mwaka 1996 Graça Machel, mtu mliyemteua wenyewe, aliwaletea ripoti kuhusu watoto na vita. Katika nchi 12 zilizochunguzwa kuhusu watoto kuingizwa kwenye ukahaba wakati wa vita, sita zilionyesha kwamba kuja kwa walinda amani kulifuatana na kuongezeka haraka kwa ukahaba wa watoto. Nusu nzima. Ripoti ilipokelewa kwa heshima zote, ikapewa namba.

Inabaki hoja ya kinga, na hapa mwandishi anaomba ufafanuzi kwa unyenyekevu. Mkataba wa mwaka 1946 kuhusu kinga na haki maalumu za Umoja wa Mataifa unawalinda wataalamu wenu wasishitakiwe kwa yale wanayoyasema na kuyatenda katika kutekeleza kazi za misheni. Maneno hayo ni mazuri na yana maana yake. Sasa, polisi anapopanda ngazi za baa usiku kumfuata msichana aliyenyang'anywa pasipoti, ama yuko kazini au hayuko. Kama hayuko, kinga inamhusu nini? Na kama yuko, basi shughuli hiyo ingefaa iandikwe kwenye tangazo la ajira, pamoja na bima na likizo, ili waombaji wajue mapema. Katibu Mkuu anayo mamlaka ya kuiondoa kinga pale inapozuia haki. Bosnia mlichagua njia ya uwanja wa ndege. Adhabu yenu kubwa kuliko zote imekuwa ni tiketi, tena ya kulipiwa.

Oktoba 2003 mlitoa waraka mpya: marufuku kununua ngono kwa fedha, kwa kazi au kwa bidhaa, marufuku kumgusa aliye chini ya miaka 18, hata kama mtu atadai alidhani ni mkubwa. Waraka safi. Haukuwa umetimiza hata mwaka mmoja pale habari za Bunia, mashariki ya Kongo, zilipoanza kusikika. Wakimbizi walikuwa wamepiga kambi jirani na vikosi vyenu kwa kuamini kwamba karibu na kofia za buluu ndiko salama. Wachunguzi wenu wenyewe waliandika bei iliyokuwa inalipwa kwa wanawake na wasichana kila mara: kuanzia mayai mawili hadi dola tano.

Mayai mawili. Mwenye baa wa Prijedor alikuwa na mtaji, gari, mlinzi na daftari la madeni. Bunia hakukuwa na haja ya msafirishaji wala mlango wa kufunga kwa nje. Njaa ilifanya kazi zote hizo bila kudai kamisheni. Pengine ndiyo maana wanasheria wanapenda kuyatenga mambo haya mawili kwenye mafaili tofauti, moja likiitwa usafirishaji haramu na jingine unyonyaji wa kingono. Binti wa Bunia aliyepewa mayai hakuulizwa angependa faili lipi.

Kabla wasomaji wa pwani hii na bara yake hawajaanza kuwacheka Wazungu wa Bosnia, ukweli mwingine nao uandikwe. Mwaka 2016 tuhuma ziliwafikia wanajeshi wa Tanzania waliokuwa Mavivi, karibu na Beni, mashariki ya Kongo: ngono ya kubadilishana na vitu au fedha, wasichana wadogo, na watoto wanaodaiwa kuachwa bila baba. Juni 2023 mlitangaza kukirudisha nyumbani kikosi cha Watanzania 60 kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati, baada ya wachunguzi kupata ushahidi unaoaminika kwamba 11 kati yao waliwanyonya kingono watu wanne. Vikosi vingine hutafuta mkalimani hata kuomba maji ya kunywa. Mavivi hakukuwa na haja. Aliyeahidi aliahidi kwa Kiswahili, na aliyeahidiwa alielewa kila neno.

Askari akirudishwa, kesi yake inakuwa ya nchi yake. Makubaliano kati yenu na nchi zinazotoa majeshi ndivyo yanavyosema. Mashahidi wako Beni, mtuhumiwa yuko kambini kwao, na nauli ya kuwakutanisha haiko kwenye bajeti ya mtu yeyote. Mwanamfalme Zeid wa Jordan, mliyempa kazi ya kuchunguza balaa la Kongo, alipendekeza mwaka 2005 kwamba mahakama za kijeshi zikae palepale kosa lilipotendeka, mbele ya macho ya waliokosewa, na kwamba mwenye hatia akatwe posho imsaidie mtoto aliyemwacha. Miaka imepita, na pendekezo hilo limetajwa kwa sifa kwenye warsha nyingi.

Wanaosema mnachelewa kuchukua hatua wanawaonea. Mwaka 2015 Anders Kompass, ofisa wa haki za binadamu Geneva, alisimamishwa kazi baada ya kuwapa wakuu wa Ufaransa ripoti ya watoto waliosema walidhalilishwa na wanajeshi, wakiwemo Wafaransa, huko Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Barua yake ya kusimamishwa ilitoka kabla mwanajeshi yeyote wa Ufaransa hajashitakiwa. Alisafishwa Januari 2016, na mwaka huohuo akajiuzulu.

Kwa hiyo, pamoja na pongezi, ofisi yenu inaombwa mambo machache ya kawaida ya kiofisi. Ielezwe ni dirisha gani mama wa Bunia apeleke madai ya matunzo ya mtoto aliyezaliwa mwaka 2004, ambaye kwa sasa ana kitambulisho cha kupigia kura, na atajibiwa kwa lugha gani. Ichapishwe, jina la nchi kwa jina la nchi, idadi ya waliorudishwa na kisha kweli wakafungwa. Na yule mtumishi aliyekagua fomu za saa za Bolkovac kwa uangalifu ule, kama bado yupo kazini pahali fulani, ahamishiwe kitengo cha kufuatilia kesi hizo. Kipaji chake kinapotea bure.

Wenu katika ulinzi wa amani,

Msomaji wa nyaraka.

Nakala: Wizara za Ulinzi za nchi zinazotoa majeshi, ikiwemo Dodoma, kwa taarifa na utekelezaji.