Dhahabu ya Ndoo ya Bati

Mjomba wangu wa Nyantakara hana ugomvi na mtu, ila na bakajani la nyanya. Ndiyo maana alirudi kutoka Biharamulo mjini na kilo ya mrututu, fuwele za buluu inayong'aa kuliko kanga ya sikukuu. Muuza dawa alimwekea masharti: vaa glavu, usiuonje, kondoo wasiukaribie, mabaki usimwage mtoni maana samaki watakufa, kisha uchanganye na maji ya chokaa ndani ya plastiki. Yote mjomba aliyashika isipokuwa plastiki, kwa sababu ndoo ya plastiki ilikuwa na rubisi.

Akachukua ya bati, ya mkewe, akakoroga kwa panga.

Panga likatoka na rangi nyekundu ya kung'aa. Sasa, hii ni wilaya ya mgodi wa dhahabu wa Tulawaka. Hapa chuma kikibadilika rangi hakuna anayewaza kemia. Kabla chai haijapoa, uwanja ulikuwa umejaa majirani, mmoja na karai lake kabisa, akiuliza mwamba umepatikana upande gani.

Binti wa mjomba, wa kidato cha tatu, akaharibu sherehe. "Baba, hiyo ni shaba. Chuma kinayeyuka, shaba inatoka kwenye maji inakaa juu yake. Na zinki ya ndoo inaliwa hivyo hivyo."

Mkaza mjomba aliposikia "inaliwa" akaipindua ndoo kutazama kitako. Mazungumzo yaliyofuata siyaandiki.

Ili kutuliza mambo, binti akapasha fuwele chache motoni juu ya kifuniko kibovu. Buluu ikafifia, ukabaki unga mweupe. Akadondosha maji, buluu ikarudi. Akaeleza kwamba katika kila kilo ya fuwele hizo, gramu 360 hivi ni maji.

"Yaani nimeuziwa maji?" mjomba akashtuka. "Na nauli ya bodaboda nimeyalipia?"

Kilichompoza ni habari za Bordeaux, Ufaransa. Wakulima wa kule walikuwa wakinyunyizia mizabibu ya kando ya barabara mrututu na chokaa ili wezi waione michafu. Profesa Millardet akagundua kwamba hiyo ndiyo iliyosalimika na ukungu, akaitangaza dawa hiyo mwaka 1885. Mjomba alisikia sehemu ya wezi tu. Mrututu uliobaki akaumalizia kwenye mistari ya nyanya inayopakana na njia, ukakolea hadi majani hayaonekani.

Wezi waliogopa kweli. Wateja pia.